Alichomwambia Balozi

Mapadri wawili walifika kwenye parokia moja siku ile ile, kila mmoja na godoro lake. Wa kwanza alishushia mizigo mlango wa mbele, wa pili mlango wa jikoni, wakakutana sebuleni wamekumbatia mito yao, wakaamkiana kwa adabu kama wageni waliopishana kwenye korido ya gesti. Kila mmoja alikuwa ameteuliwa na askofu kwa mdomo wake mwenyewe. Kabla jua halijazama, jimbo zima lilikuwa linacheka.

Simu zilipoanza kumiminika ofisini, katibu wa askofu alisema kosa ni lake. Alichanganya majina kwenye orodha aliyompa askofu. Mapadri waliomzidi umri wakamwita kichwa maji, naye akaitikia, "N-n-nisameheni, wazee wangu," mpaka wakachoka kumsuta.

Halikuwa kosa lake. Baba Askofu alimwita padri wa kwanza akampa parokia, kisha akamwita wa pili akampa ile ile, wala hakukumbuka kwamba kulikuwa na wa kwanza.

Katibu huyo alikuwa padri wa makamo, mwembamba, mwenye kigugumizi tangu utoto. Alipokuwa seminari, walezi wake walikata shauri arudishwe nyumbani. Walisema, padri gani anakwama kwenye "Bwana awe nanyi" mpaka waumini wanammalizia? Habari zikamfikia askofu, ambaye wakati huo alikuwa bado na nguvu zake na hasira zake. Alisafiri mwenyewe hadi seminari, akawasikiliza walezi mpaka wa mwisho, kisha akasema, "Musa naye alikuwa mzito wa ulimi, na Mungu hakumrudisha kwenye kondoo wa mkwewe. Huyu ni wangu." Tangu siku hiyo jina lake la ubatizo likabaki kwenye vyeti. Jimbo zima likamwita Musa.

Kwa hiyo Musa aliposema kosa ni lake, hakuona kama amejitwisha mzigo. Aliona amerudisha kijiko kimoja cha maji mtoni.

Kanisa lina utaratibu wake juu ya umri wa maaskofu. Askofu akitimiza miaka sabini na mitano, anatakiwa amwandikie Papa kuomba kustaafu. Lakini kuomba si kuondoka. Papa anaweza kukubali mara moja, au anaweza kumwambia aendelee kwanza. Baba Askofu alipofikisha umri ule aliandika siku ya kuzaliwa kwake, huku anapiga mluzi. Alisema sasa atalala mchana kama paka. Jibu likaja kwamba ombi limepokelewa, na aendelee mpaka apatikane wa kumrithi.

Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na katika kungoja kule furaha ya mzee ikageuka. Akaanza kusema bado ana nguvu, na kwamba jimbo halijawa tayari. Na kadiri alivyoshikilia kiti, ndivyo mambo mengine yalivyomponyoka: majina, siku, watu aliotoka kuzungumza nao asubuhi.

Wa kwanza kulisema hilo waziwazi alikuwa mdogo wake wa kike, mjane aliyehamia katika nyumba ya askofu baada ya kumzika mumewe, akatwaa jiko na funguo zote. Nyumba nzima ilimwita Shangazi. Siku moja Musa aliingia jikoni kutafuta chai, akamkuta anamenya viazi.

"Padri, funga mlango," alisema bila kuinua macho. "Kaka yangu leo ameniita kwa jina la marehemu mama."

"A-a-amechoka tu, Shangazi."

"Usinibembeleze. Mume wangu nilimuuguza mpaka mwisho, dalili nazijua." Akatumbukiza kiazi kwenye maji. "Nakuomba jambo moja, mwanangu. Mfichie aibu. Amewafungisha ndoa watu wa jimbo hili, amewazika, amewapatanisha. Asije akawa kichekesho chao uzeeni. Wewe ndiye macho yake sasa, na mdomo wake."

"Mdomo, Shangazi? M-m-mimi?"

Shangazi akamwangalia, akaangua kicheko, akacheka mpaka ikabidi ajifute machozi kwa kanga. "Haya, macho tu yanatosha. Niahidi."

Musa akaahidi.

Akaifanya kazi hiyo vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Wakati wa kusalimia watu alisimama nyuma ya bega la askofu akimnong'oneza majina. Kabla ya kila kikao walikaa wawili asubuhi nzima, wakayapitia yatakayosemwa mpaka mzee akayashika. Akikosea, kosa lilikuwa la Musa. Watu wakaanza kunung'unika kwamba katibu amejifanya askofu mdogo, kwamba humfikii mzee bila kupita kwake. Musa aliyasikia yote. Hayakumuuma, kwa sababu alijua anachokificha.

Kilichokuja kumuuma kilitoka kwa rafiki yake.

Rafiki huyo walisoma pamoja tangu kidato cha kwanza. Alikuwa mrefu kupita kiasi, kanzu yoyote ya misa ilimwishia kwenye miundi, nao wenzake walimwita Twiga. Alikuwa paroko wa parokia ya mwisho kabisa ya jimbo, kule barabara inakokatikia, na alikuwa peke yake. Siku moja alikuja mjini akiwa amefinya macho. Daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho, aende hospitali kubwa haraka, asicheze nayo.

Baba Askofu alimkumbatia mbele ya Musa. "Mwanangu, macho hayana duka. Rudi ukawaage waumini, wiki ijayo naleta mtu wa kukushikia parokia, halafu uende."

Wiki ikapita. Musa akamkumbusha mzee, naye akashangaa: "Twiga? Si alikuwa hapa juzi, mzima kabisa?" Musa akamweleza upya, mzee akasikitika upya, akaahidi upya. Baada ya siku chache ikawa hivyo tena. Mara ya nne mzee akagonga meza. "Unanifundisha uaskofu, Musa?"

Angeweza kwenda kwa Makamu wa Askofu. Angeweza kumpigia Twiga na kumwambia, "Funga kanisa, ondoka leo, usimngoje mtu." Lakini Twiga hakuwa mtu wa kuwaacha waumini wake bila ruhusa. Angeuliza ni kwa nini asingoje, na jibu la swali hilo ndilo ambalo Musa alikuwa ameahidi kulifunika. Basi kila Twiga alipopiga simu na kuuliza, "Vipi, Baba amesemaje?" Musa alijibu, "A-a-analishughulikia. Vumilia kidogo." Kigugumizi kilimsaidia. Mtu anayesita kila neno, nani atajua lini anasita kwa sababu anadanganya?

Twiga alivumilia. Alikuwa mtu wa utii.

Aliporudi mjini alikuja ameshikwa mkono na katekista wake. Jicho moja lilikuwa limekwisha. Lililobaki lilikuwa likiona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mwishowe alikuwa amepelekwa hospitali na waumini wake wenyewe, baada ya kujikwaa kwenye ngazi ya altare na kumwaga divai.

"Daktari anasema ningewahi lingepona," alisema akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwa Musa, magoti yake marefu yamegusa meza. "Lakini ndiyo hivyo. Baba ana mengi, simlaumu. Na wewe ulihangaika sana kwa ajili yangu, Musa. Nilikuwa namwambia katekista, bila Musa hata hilo la pili lingekwenda." Akapapasa mfukoni, akatoa kitabu chake cha sala. "Hebu nisomee zaburi za leo. Herufi zinaniruka."

Musa akasoma zaburi moja, akaomba dakika moja, akaenda msalani, akafungulia bomba la maji ili kilio chake kisisikike.

*

Balozi wa Papa alikuja jimboni mwezi uliofuata kubariki jengo jipya la seminari ndogo. Alikuwa mgeni kutoka mbali aliyejifunza Kiswahili vitabuni. Kilikuwa safi mno, kama shati lililotolewa kwenye sanduku ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Kwenye chakula cha jioni Baba Askofu aling'ara. Alikumbuka jina la balozi, jina la mji aliozaliwa balozi, idadi ya parokia, hata utani. Balozi akacheka. Shangazi, aliyekuwa akipita na sahani, akamkonyeza Musa kwa furaha. Musa na mzee walikuwa wameyapitia yote hayo tangu asubuhi, utani ukiwemo.

Kesho yake, baada ya misa, balozi alimwita Musa sakristia, akafunga mlango. Akakaa kwenye kiti cha mbao kati ya kabati za mavazi, akamwonyesha kiti kingine.

"Padri, haya tutakayozungumza yamo chini ya siri ya Baba Mtakatifu. Hutamwambia mtu. Hata askofu wako. Unaapa?"

"N-naapa."

Balozi akaeleza taratibu, kama mwalimu. Kwa muda mrefu alikuwa akiwauliza mapadri, masista na waumini wa kawaida wa jimbo lile, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa ameapa na hajui kama jirani yake ameulizwa: ni padri gani anafaa kuwa askofu, ana imani gani, afya gani, anaishije na watu? Katika majibu hayo alikuwa amepata majina matatu ya kupeleka Roma. Huko yangepimwa tena, na mwisho Papa angechagua mmoja, au angewakataa wote watatu.

"Majina yako tayari," alisema. "Jina lako halimo, nakuambia mapema usije ukapata wasiwasi. Nisichokijua ni wakati. Jana askofu wako aliniomba miaka mitatu mingine. Na kwa kweli mezani nimemwona mchangamfu kuliko mimi. Wewe unaishi naye. Aachwe aendelee?"

Neno lilimkwama Musa kooni. Balozi hakumsaidia kulimalizia. Alisubiri tu, mikono juu ya magoti. Nje, masista walikuwa wakipanga viti kwa kelele. Akilini Musa alimwona Shangazi akijifuta machozi ya kicheko. Akayaona magoti ya Twiga yamegusa meza.

"Hapana," alisema. Lilitoka zima, halikukatika.

Na baada ya hilo yakafuata mengine: magodoro mawili, majina ya kunong'ona, ahadi zilizosahauliwa, jicho la Twiga. Aliongea kama mfereji uliozibuliwa, mara chache tu alikwama. Balozi hakuandika kitu. Musa alipomaliza, balozi akauliza kwa upole, "Kwa nini hukusema mapema?"

"N-n-nampenda, Baba. Amenilea."

"Na huyo mwenzako wa macho, yeye humpendi?"

Balozi akamshukuru, akainuka, akapiga ishara ya msalaba, akafungua mlango.

Wakati wa kurudi nyumbani mzee alikuwa na furaha. "Balozi amekung'ang'ania kweli. Alitaka nini?"

"N-ni siri, Baba."

"Ahaa!" Mzee akampiga gotini. "Basi wanakupima wewe! Sisemi kitu. Ila nikuonye, mwanangu, kiti hiki ni kigumu, kinaumiza mgongo." Na walipofika alikwenda moja kwa moja jikoni, akamnong'oneza Shangazi, na Musa akiwa koridoni alisikia vigelegele vilivyozuiwa kwa kiganja. Jioni ile Shangazi alimwekea kipande kikubwa cha nyama.

Alikwenda kuungama kwa padri mzee aliyestaafu. Padri yule alimwambia kusema kweli si dhambi, kuificha ndiyo iliyokuwa dhambi, akampa sala za malipizi, akamwondolea dhambi. Musa alitoka ameondolewa. Lakini kitu kilichomkaa kifuani kilibaki pale pale.

*

Simu ya balozi ilikuja wiki kadhaa baadaye, asubuhi, na Musa ndiye aliyempa mzee. Mzee alifunga mlango. Alitoka mtulivu, akanywa uji wake, hakusema lolote. Musa akajua yametimia, kwa sababu jina la askofu mpya huwa ni siri mpaka litangazwe Roma, saa sita mchana ya huko. Akamstahi mzee kwa kunyamaza kwake. Ila siku ya pili mzee alimwita wapange ziara za parokia za mwaka ujao, na siku ya tatu akaanza kuzungumzia kipaimara cha mwaka unaofuata huo. Je, alikuwa anajikaza, au simu ile ilikuwa imeshafutika? Musa hangeweza kumuuliza. Yeye mwenyewe hakutakiwa kujua.

Siku ya tangazo, kengele za kanisa kuu zilipigwa, na mapadri waliokuwa mjini wakajaa ukumbini na simu mikononi. Aliyechaguliwa alikuwa gombera, yaani mkuu wa seminari kuu, mtu wa jimbo lingine. Vifijo vikapigwa. Mzee aliposikia kelele alitoka ofisini kwake anatabasamu, kofia yake ndogo ya zambarau imekaa upande.

"Kuna nini? Kumbe Papa ameteua? Wa jimbo gani?"

Makamu wa Askofu akaangalia viatu vyake. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wote wakamgeukia Musa, kama walivyokuwa wamezoea.

"L-l-la kwetu, Baba," alisema Musa. "Baba Mtakatifu amekubali ombi lako."

"Ombi lipi?"

"La k-k-kustaafu."

Mzee aliitazama pete yake kwa muda. Kisha akanyoosha kofia, akasimama wima, akasema, "Basi tumshukuru Mungu." Akaanzisha wimbo wa kushukuru kwa Kilatini, ule mrefu, akauimba wote kwa kichwa, mwanzo hadi mwisho, bila kuchanganya hata silabi moja. Mapadri wakaimba nyuma yake wakitazama vitabu. Baadhi yao wakaanza kutazamana pia. Mzee huyu ana kasoro gani? Nani aliyewaambia Roma kwamba amechoka?

Swali hilo likazunguka jimbo, nalo halikuchukua muda kupata jibu. Si Musa aliyefungiwa sakristia na balozi? Si Musa aliyekuwa anautaka uaskofu? Ona sasa, kamtosa mzee wake na kiti kakikosa. Musa hakukanusha. Kiti walikosea, lakini mengine walipatia.

Yote hayo angeyaweza. Lililomshinda lilikuwa asubuhi.

Kila asubuhi, kwa majuma yale ya kungoja askofu mpya asimikwe, mzee alishuka ngazi amevaa kanzu yake, ameoga, amenyoa, akaingia ofisini akauliza, "Leo tuna nini, Musa?" Na ikabidi aambiwe. Siku nyingine alisema, "Aa, kweli, nimestaafu," akacheka, akaenda bustanini. Siku nyingine ilikuwa kama anapigwa kofi kwa mara ya kwanza, akakaa kwenye kiti cha wageni na kuuliza kwa sauti ya chini, "Nimekosa nini?" Na karibu kila siku: "Nani aliwaambia nimechoka?"

"W-wewe mwenyewe uliomba, Baba, ulipofika umri." Ilikuwa kweli. Na kila alipoisema, Musa alijiona mwongo.

Asubuhi moja walikuwa wanapakia vitabu vya mzee kwenye makasha. Swali likaja tena, na Musa alikuwa amelala vibaya, na mkononi alikuwa ameshika kitabu ambacho mzee alimpa siku ya upadre wake. Akakiweka chini.

"Ni mimi, Baba."

"Wewe nini?"

"B-balozi aliniuliza kama unaweza kuendelea. Nikasema hapana. Nikamwambia unasahau. Nikamwambia habari za Twiga." Alijua anavunja kiapo. Akapiga magoti sakafuni kati ya makasha. "Nisamehe."

Mlango ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa amesimama pale na sinia la chai.

Mzee hakupiga kelele. Alimtazama Musa kwa macho makavu, na kwa dakika ile alikuwa mtu yule yule aliyesafiri hadi seminari, akili zote mahali pake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nilimwokota mtu asiyejua kusema. Nikamtetea mbele ya wote. Na neno lake la kwanza lililonyooka likawa la kunitoa mimi." Musa alinyoosha mkono kushika wake. Mzee akauvuta nyuma. "Ondoka mbele yangu."

Akaondoka. Siku nzima alikaa chumbani.

Kesho yake mzee alishuka ngazi, ameoga, amenyoa. "Habari za asubuhi, Musa! Mbona macho mekundu? Leo tuna nini?"

Hakukumbuka chochote. Musa alihisi mabega yanamshuka kwa nafuu, nafuu kubwa, tamu, na papo hapo akaionea aibu nafuu hiyo. Alikuwa amemtwisha mzee machungu yote yale, na mzee alikuwa ameyabeba siku nzima, na faida yake ilikuwa nini?

Aliyekumbuka ni Shangazi. Alimwekea Musa sahani bila salamu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne Musa akamfuata jikoni.

"Shangazi, n-n-nisamehe japo..."

"Padri," alimkatiza. "Nilikuomba ufiche, ukasema. Hilo nimelilia, kisha nikamwona yule padri wa macho anavyopapasa ukuta, nikasema sawa, pengine mkosaji ni mimi niliyekuomba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini lile la juzi. Kaka yangu alilia mpaka jioni, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Ulimwambia kwa faida yake, au kwa faida yako?"

Musa aliutazama moto wa jiko. "Y-yangu."

"Basi usirudie. Umenisikia? Usimfanye mgonjwa ndoo ya kutapikia. Ukiwashwa na kusema, nenda kwa yule padri wa macho. Yeye atakumbuka."

*

Alikwenda kabla askofu mpya hajasimikwa. Alimkuta Twiga amekaa kwenye baraza la nyumba ya paroko, uso ameuelekeza juani. Twiga alimtambua kwa kikohozi chake, akafurahi, akaita chai. Musa akamwomba chai ingoje.

Akamwambia. Safari hii alikwama kila neno, na Twiga alimwachia akwame. Kwamba askofu alikuwa amesahau. Kwamba yeye alijua. Kwamba kila simu, kila "vumilia kidogo", alijua hakuna kinachoshughulikiwa.

"Tangu mara ya kwanza?" aliuliza Twiga.

"T-tangu ya kwanza."

Twiga aliuweka mkono kwenye jicho lililokufa, kama mtu anayejikinga na vumbi.

"Ningekwenda kwa miguu, Musa," alisema mwishowe. "Ungeniambia tu, ningekwenda kwa miguu." "Nimewahubiria watu hawa kwamba nilitii na Mungu anajua sababu. Kumbe sababu alikuwa anaijua katibu." Akapapasa fimbo yake, akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Musa alikaa barazani. Jua likazunguka likamfikia, hakuhama. Mchana ulipopita mlango ukafunguliwa.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Nitakusamehe, maana ndiyo kazi tuliyosomea. Lakini siyo leo, na usiniulize lini." Alikuwa amevaa stola shingoni, mkononi ameshika kichupa cha mafuta ya wagonjwa. "Kuna mama mmoja mgonjwa kule bondeni, na katekista amekwenda msibani. Sala siwezi kuzisoma. Washa gari."

Askofu mpya aliposimikwa, alimwomba Musa aendelee kuwa katibu, kwa kuwa anajua kila faili liko wapi. Musa akaomba apelekwe parokia ya mwisho, awe msaidizi wa Twiga. Askofu mpya alishangaa, akakubali. Mjini wakasema ameadhibiwa.

Walikaa nyumba moja, Musa akisoma na Twiga akihubiri. Waumini walizoea misa ndefu. Walitaniana tena baada ya muda, hata wakagombana juu ya chumvi kwenye maharage. Msamaha Twiga hakuwahi kuutamka, na Musa hakuwahi kuuliza.

Askofu mstaafu aliishi miaka miwili zaidi. Musa alikuwa akienda kumsalimia, naye alipokelewa kwa furaha, mara kama padri, mara kama mseminari, mwishowe kama mgeni mwenye sura nzuri. Habari za kifo zilipokuja, Musa alifika jioni, akamkuta Shangazi uani akielekeza watu mahali pa kupanga viti.

"Alinitaja, Shangazi?" aliuliza walipobaki wawili. "S-siku za mwisho?"

Shangazi alimtazama. Alikuwa amezeeka sana.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hakumtaja mtu yeyote. Hata mimi hakunitaja. Nisikudanganye." Kisha akamshika kiwiko, akamgeuza kuelekea ghalani. "Kuna viti vingine kule ndani, na watu wanazidi kuja. Kamata hivyo vya chuma, ni vizito."

Musa akakunja mikono ya kanzu, akaenda kuvibeba.